Jozi ya Krogh na Furtado

Verner Krogh hakuwa na shahada ya sheria, na katika Seneti mtu asiye na shahada ya sheria huonekana kama aliyeingia harusini bila kadi. Hakuwa na nyumba Washington. Alipanga vyumba viwili juu ya duka la dobi, na mvuke wa pasi ulimpandia mpaka kitandani. Hakuwa na mke tena. Inger alikuwa amelala Nebraska, kwenye makaburi ya kanisa la Wadenmaki, mahali ambapo upepo haupumziki. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na sauti ya kuhutubia, wala nywele za kupigia picha, wala tajiri wa kumlipia matangazo. Hata usingizi wa usiku hakuwa nao, ndiyo maana mchana alisinzia vikaoni huku macho yakiwa wazi, ujuzi alioupata zamani kwenye kiti cha trekta.

Neno lake alikuwa nalo. Wakulima wa kwao walimchagua kwa hilo tu, wakamrudisha, wakamrudisha tena, na katika mji ule wa mawe meupe watu wa vyama vyote viwili walijua kwamba Krogh akisema atakuja, weka kiti.

Maseneta wana desturi moja ya zamani ambayo haikuandikwa katika kanuni zao, nao huiita jozi. Seneta akiugua au akifiwa, mwenzake wa upande wa pili humfungia kura. Siku ya kupiga kura yule aliyepo husimama akasema: fulani angekuwepo angepiga ndiyo, mimi ningepiga hapana, basi naizuia kura yangu. Kura mbili zinauana, na mgonjwa hapotezi kitu kwa kuugua. Hakuna adhabu kwa anayevunja jozi. Labda ndiyo sababu wanaoivunja hawasahauliki.

Aliyefungana jozi na Krogh alikuwa Anselmo Furtado wa Rhode Island, wa chama cha pili, mtoto wa mama aliyebandika vito vya kioo kwenye bangili za kiwandani mpaka vidole vikapinda. Furtado alikuwa mnene, mcheshi, mpenda kubishana. Kwa muda wote waliokaa Seneti, hawakuwahi kupiga kura upande mmoja katika jambo lolote la maana. Hata hivyo kila Jumatano walikula pamoja ile supu ya maharage isiyotoka kwenye orodha ya chakula cha maseneta, Furtado akiimwagia pilipili na kumwambia Krogh kwamba chama chake kina ladha kama supu hii kabla ya pilipili.

Majira ya majani kupukutika Furtado alianguka kwenye korido, amejishika ukutani. Kiharusi. Krogh alipofika hospitalini alimkuta mdomo umevutwa upande, macho yanaogelea. Mkewe, Deolinda, alisimama miguuni pa kitanda akiwa bado amevaa koti.

"Lala, mzee mwenzangu," Krogh alimwambia. "Mpaka siku utakayorudi ukumbini, kura yangu imefungwa na yako. Kila kura. Usiwaze."

Furtado alimkamata mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaushikilia mpaka usingizi ulipomchukua.

Krogh hakuuliza ni kura za mambo gani. Haikumjia kuuliza. Siku zote akisema mvua, Furtado alisema jua. Nani angewaza kwamba itafika siku watasema wote mvua?

Siku hiyo ilikuja na theluji.

Kulikuwa na nchi ndogo ya milimani iliyokuwa vitani na jirani yake mkubwa. Bunge la Washington lilikuwa limeipitishia silaha: rada, makombora ya kutungulia ndege, magari ya kubebea majeruhi. Vitu vilikuwa vimeshafungwa tayari kwenye maghala. Kisha Rais akavizuia. Wiki zikapita. Ndipo ikajulikana, kidogo kidogo, kama maji yanavyojitokeza kwenye dari, kwamba Rais alikuwa anamtaka waziri mkuu wa nchi ile asimame mbele ya kamera amtuhumu mtu mmoja kwa rushwa. Mtu huyo ndiye aliyejiandaa kushindana na Rais katika uchaguzi. Tuhuma kwanza, silaha baadaye.

Azimio likaletwa Seneti kumwamuru Rais aachilie silaha na kutamka wazi kwamba ametumia vibaya madaraka yake. Kuanzia hapo jengo lote likawa kama nyumba ya wake wenza. Watu waliokuwa wakisalimiana kwenye lifti wakaanza kupanda ngazi.

"Tupeleke mali zetu huko milimani ambako hata ramani inaona aibu?" seneta mmoja wa chama cha Rais alisema mezani kwa sauti ya kusikika meza ya pili.

"Ulizipitisha mwenyewe mwaka jana," wakajibu kutoka meza ya pili. "Tulikuona ukipiga makofi."

"Nilikuwa napigia makofi mwisho wa hotuba."

"Na Rais naye atakuambia alikuwa anatania?"

"Rais wenu wa zamani alifanya mabaya kuliko haya, mkanyamaza kama mmemeza kijiko."

Krogh alikula supu yake bila pilipili. Mwanzoni alikuwa pamoja na chama chake, ambacho ndicho cha Rais, kama kawaida. Alijiambia kwamba kila Rais huvutavuta kamba na mataifa, ndiyo kazi yake. Lakini alikaa katika kamati, akawasikiliza mashahidi mmoja mmoja, wanajeshi na mabalozi, watu wakavu wasiopenda kuonekana, na kila aliposhuka kutoka pale alihisi mizani ndani yake imelala zaidi upande ambao hakuuzoea.

Kisha zikaja ndoto. Aliwahi kwenda nchi ile mara moja, na wajumbe wengine, wakapandishwa mpaka kituo cha jeshi juu ya mlima. Luteni mmoja kijana mwenye masikio makubwa aliwapa chai yenye jamu ya cheri ndani yake, akamuuliza Krogh ngano ya kwao huota mpaka wapi. Krogh alimwonyesha kiunoni. Sasa, mchana, kitini mwake, akiwa amesinzia macho wazi, alimwona luteni yule amesimama katikati ya shamba la Nebraska, ngano imemfika kifuani, ikipanda. Luteni alikuwa anasikiliza angani, mkono sikioni. "Ngano ya kwenu huota mpaka wapi?" aliuliza tena, kwa adabu, na ngano ikamfika shingoni. Krogh alifungua kinywa amjibu, na kutoka kinywani mwake ikalia kengele ya Seneti ya kuitia kura.

Aliamka, na kengele kweli ilikuwa inalia, na watu walikuwa wanainuka.

Juma lile la kura, Pruett alimfuata kwenye treni ndogo inayopita chini ya ardhi kati ya ofisi za maseneta na ukumbi. Pruett alikuwa mnadhimu wa chama cha Rais, mtu wa kuhesabu kura kabla hazijapigwa, mrefu, mwenye tabasamu la daktari wa meno.

"Nasikia hulali, Verner."

"Nalala sana. Kwa saa zisizofaa tu."

"Nimekuja kama rafiki."

"Ukianza hivyo, huwa najipapasa mifuko."

Pruett alicheka kwa dhati. Treni ilikwenda polepole, taa za ukutani zikipita moja moja usoni mwake. "Siombi kura yako," alisema. "Naomba usiipige. Si umefungwa jozi na Furtado?"

"Nimefungwa."

"Basi tunza neno lako. Ni mara ya kwanza katika kazi hii namwomba mtu awe mwaminifu, usinivunje moyo."

Krogh alielewa pale pale. Wenzake wawili wa chama walikwisha kusema hadharani kwamba wataliunga mkono azimio. Yeye akikaa kimya, kura zitafungana sawasawa, na zikifungana azimio limekufa. Makamu wa Rais atakuwa kitini kulizika.

"Unajua ningepiga nini," Krogh alisema.

"Sijui na sitaki kujua. Najua tu kwamba hukumwambia mgonjwa 'nitakufungia kura nikipenda.' Au ulimwambia hivyo?"

"Hapana."

"Ndiyo hivyo. Nebraska hawatakuwa na neno nawe. Upande ule watakuheshimu. Utakuwa mtu pekee katika mji huu atakayetoka humu na nguo kavu."

Treni ikasimama. Krogh alibaki amekaa kidogo. Maneno yale yalikuwa matamu kama kitanda kilichotandikwa mbele ya mtu aliyechoka, na utamu wenyewe ndio ulimwogopesha.

Jioni ile simu ilitoka nyumbani. Alikuwa Emil Kucera, muuza vipuri vya trekta, mwenyekiti wa chama wilayani, rafiki yake tangu shule.

"We Verner, nimekuona kwenye televisheni umekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino."

"Ningeshukuru kama lingekuwa jino."

"Usije ukatufanyia mambo. Mimi ndiye nimegonga milango ya watu kwenye baridi nikisema Verner ni wetu. Mgongo huu unaniuma mpaka leo."

"Emil, mkuu wa zimamoto akigoma kutoa gari mpaka mwenye nyumba amsengenye mshindani wake kanisani, na huku nyumba inaungua, utamfanya nini?"

"Inategemea," Emil alisema. "Ni wa chama gani huyo mkuu?"

Wakacheka wote wawili, kisha wakaacha kucheka.

"Natania, Verner."

"Najua."

"Ukipiga vile, sitakuja tena kugonga milango. Nakuambia mapema, nisije nikaonekana nimekugeuka."

"Nashukuru kwa kuniambia mwenyewe."

Asubuhi ya siku ya kura theluji ilikuwa imefunika mji mpaka magari yalikuwa matuta tu. Krogh alikwenda hospitalini kwa miguu, katika ukimya ule unaomfanya mtu adhani bado yuko ndotoni. Hoja aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo na rahisi: aliyefunga jozi anaweza kufunguliwa na mwenzake. Neno moja la Furtado, hata kutikisa kichwa, na mambo yangekwisha.

Furtado alikuwa amelala karibu na dirisha, amepungua, ndevu zimenyolewa na mtu mwingine. Midomo ilikuwa inacheza. Alisema kitu kwa Kireno, akanyamaza, akatabasamu kwa upande mmoja.

"Anamhesabia mama yake vito," alisema Deolinda. Alikuwa ameketi na mkate mtamu magotini, anaukata vipande ambavyo hakuna aliyekula. "Vyekundu, vya kijani. Tangu jana yuko kiwandani. Keti, shemeji. Umeloa."

"Ananisikia?"

"Siku nyingine ndiyo. Leo yuko mbali."

Krogh aliinama karibu na sikio la mgonjwa. "Anselmo. Mimi Verner. Nataka unifungue jozi. Ya leo tu." Alingoja. "Tuko upande mmoja leo, bwana. Ungenicheka."

Macho ya Furtado yalimpitia kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha la basi. "Cha kijani kimeanguka," alisema kwa uangalifu, kwa Kireno, na Deolinda akatafsiri.

Deolinda aliweka kisu chini. Krogh alimweleza yote: azimio, Pruett, kura zitakavyofungana. Deolinda alisikiliza bila kumkatiza.

"Muda wote mlikuwa mnapingana," alisema mwishoni, "nyumba nzima nasikia Verner amesema hivi, Verner mkaidi kama nguzo. Na siku mliyokubaliana ndiyo hiyo yuko kwenye bangili."

"Nifungue wewe, shemeji. Kwa niaba yake."

"Siwezi."

"Unajua angetaka nini."

"Najua angepiga nini. Kupiga ni kitu kimoja, neno ni kingine. Ulimpa neno yeye, akakushika mkono, nilisimama pale nikaona. Si kikapu cha mboga kwamba akiwa hayupo unaniachia mimi mlangoni." Aliyasema bila ukali. "Kesho akiamka, jambo la kwanza ataniuliza ni wewe. Verner alitunza? Nimwambie nini?"

Krogh alikula kipande cha mkate kwa sababu alikuwa amekishika. Nje ya dirisha mto ulikuwa umeganda kingoni, katikati maji yanakwenda. Alipoinuka, Deolinda alimfunga vizuri skafu shingoni, kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule.

Mchana ukumbi ulijaa. Hotuba za mwisho zilisomwa, upande huu ukiuita upande ule wasaliti wa katiba, upande ule ukiuita huu wasaliti wa walipa kodi, na wote wakiitana waheshimiwa. Makamu wa Rais alikaa kwenye kiti kirefu cha kuongozea kikao. Karani akaanza kuita majina, polepole, kwa mpangilio wa alfabeti, na kila jina lilijibiwa na neno moja.

"Seneta Furtado."

Kimya. Karani akaendelea.

"Seneta Krogh."

Krogh hakujibu. Pruett, aliyesimama kando ya mlango, alishusha mabega kama mtu aliyevua mzigo. Majina yalisonga. Krogh aliyasikia kutoka mbali, na kati ya jina na jina aliuona tena ule mlima, ile chai, luteni akikoroga jamu. Akajiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza. Rais alichukua silaha zilizokuwa za nchi akazifanya zake, za kununulia fadhila. Na yeye Krogh je? Kura ile aliyomfungia Furtado kwenye kitanda cha hospitali, kwa upendo, mkono kwa mkono, ilikuwa ya nani? Emil aligonga milango kwa ajili yake. Bibi wale wa kanisa la Wadenmaki walipanga foleni kwenye upepo kwa ajili yake. Hakuna hata mmoja aliyemwambia: ichukue ukampe rafiki yako.

Wazo lile halikumpa faraja yoyote. Lilimwacha akijua tu kwamba alitoa kitu kisicho chake, na kwamba alikitoa kwa mtu anayempenda, na kwamba hakuna njia ya kukirudisha mikono ikabaki safi.

Karani alimaliza. Kura zilikuwa zimefungana. Krogh akasimama, akaomba kusema.

"Nina jozi na seneta wa Rhode Island," alisema. Sauti yake ndogo iliwalazimisha watu kuacha kunong'ona. "Angekuwepo, angepiga ndiyo. Mimi, ningekuwa huru kupiga, ningepiga ndiyo."

Mnong'ono ulipita ukumbini kama upepo shambani. Makamu wa Rais aliinama kwa karani, wakazungumza, akanyanyua kichwa. "Seneta, jozi ni ya wanaopingana. Mnaokubaliana, hapo hakuna jozi. Kiti kinaweza kuihesabu kwamba haipo."

Upande wa upinzani walianza kutikisa vichwa kwa furaha. Ulikuwa mlango mwingine, mzuri kuliko wa Pruett, na kiti chenyewe ndicho kilichoufungua.

"Nashukuru," Krogh alisema. "Lakini ipo. Nilimwambia kila kura, naye hakunifungua, nilikwenda asubuhi kumwomba. Kwa hiyo nikipiga ninalivunja neno langu, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nimelivunja, mtu asije akasema baadaye nilipata kijitundu cha kutokea." Alishika ukingo wa meza. "Napiga ndiyo."

Kisha alikaa, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi hakusikia usingizi.

Yaliyofuata yalikuwa kelele. Mtu wa upande wa pili alikuja mikono imefunguliwa amkumbatie, Krogh akamwomba radhi akampisha. Wa upande wake walimpita kama nguzo. Pruett peke yake alisimama mbele yake.

"Nilikuachia mlango wazi kabisa."

"Niliuona."

"Hutarudi hapa, unajua. Atakayeshindana nawe ameshapata fedha zake jioni hii."

"Na silaha?"

"Kuna Baraza la Wawakilishi bado. Kuna kura ya turufu. Labda zitakwenda, labda hazitakwenda." Pruett alimtazama, na tabasamu la daktari wa meno halikuwepo. "Ningekuwa mahututi, Verner, nisingejua kama nikuombe wewe unifungie kura, au nisikuombe kamwe."

"Hata mimi sijui."

Alirudi kwa miguu kabla giza halijaingia. Theluji ilikuwa na rangi ya bluu, na kila jengo lilionekana limeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Simu yake haikulia. Juu ya duka la dobi mvuke ulikuwa umefika, vyumba vina joto na harufu ya mashati ya watu wengine. Alivua viatu, akasogeza taa, akachukua karatasi isiyo na nembo ya Seneti.

Alimwandikia Furtado, akijua kwamba atakayesoma ni Deolinda, kwa sauti, kando ya kitanda, kama kutakuwa na siku ya kusomewa. Aliandika kwamba azimio limepita kwa kura moja. Aliandika kwamba Deolinda akiulizwa kama Verner alitunza neno, ajibu hapana, asiongeze kitu, asimtetee. *Nilikufungia kura ambayo haikuwa yangu,* aliandika, *kisha nikaivunja jozi mbele ya watu. Makosa yote mawili ni yangu. La kwanza nilikutendea ukiwa macho, nawe ulinishika mkono, basi labda kidogo ni lako pia. Hutaki kulisikia hilo. Pona uje unibishie.* Akafuta neno moja, akalirudisha. Hakuomba msamaha, aliona kwamba kumwomba mtu aliyelala ni kumvizia.

Alikunja karatasi mara mbili. Maseneta hutuma barua bila stempu, saini yao pembeni ya bahasha inatosha, na mkono wake ulikwisha kukaribia pembe ile kwa mazoea. Aliusimamisha. Akatafuta kwenye droo stempu yake mwenyewe, ya kununua, akaibandika. Akapitisha ulimi kwenye gundi ya bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha alivaa tena viatu vilivyoloa, akashuka ngazi akipita kwenye mvuke, akavuka barabara nyeupe mpaka kwenye sanduku la posta pembeni, akalipangusa theluji mdomoni na kuitumbukiza barua ndani.